Kwa Nini Nilikataa Ngazi za Umeme

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Naitiri tuko salama, na babu yako anakusalimia. Unauliza kwa nini nilipokuja Nairobi nilikataa zile ngazi za umeme. Mimi siamini kitu kinachotembea bila kuangalia nani yuko mbele yake. Ati zina swichi ya kuzimia? Hata mashine yetu ya kupukuchua mahindi kule Kitale ilikuwa nayo.

Nikiwa msichana, ilinasa ncha ya leso yangu. Shangazi akapiga kelele, "Iachilie!" Mimi nikaing'ang'ania, maana ilikuwa mpya.

Wewe zipande, lakini kunja sketi, shika pembeni, na simu ikae mkobani. Nguo ikinaswa, usiihurumie.

Umezoea kuniona nikiandika kwa mkono wa kushoto. Sikuzaliwa hivyo.

Nyanya yako