Shavu la Mkwe

2 Juni

Mama yangu mpenzi,

Basi jibu ni ndiyo, mkweo ananyoa kila asubuhi, na vile vipele ulivyoviona siku ya harusi ni vya ndevu, si vya joto kama nilivyokujibu pale mlangoni kwa haraka. Shikamoo kwanza. Goti linasemaje, na kile kiti cha kunyolea cha mbele kimetengenezwa? Sisi wazima, tena wazima wa kuringa.

Mama, ndoa ni tamu. Najua utasema bado mbichi, lakini niache niseme. Juzi nilikuwa naanika nguo, akapita akiwa na sare yake ya zimamoto, kofia kwapani, akanipungia mkono kama ndiyo kwanza tunaonana. Nikaanika shati lile lile mara mbili.

Sasa sikiliza. Kikosini wamemchagua ajaribiwe kuingia timu ya barakoa, wale wanaobeba mtungi wa hewa mgongoni na kuingia ndani ya moshi wakati wengine wamebaki nje na mipira ya maji. Ndicho alichokitaka tangu alipoajiriwa. Wenzake wanamwita Twiga kwa urefu wake, na wanasema akiingia moshini kichwa kitakuwa kimeshatokea upande wa pili. Shida ni uso. Barakoa lazima igande kwenye ngozi tupu, maana ndevu kidogo tu zinapitisha moshi. Naye akinyoa kwa ile ya plastiki yenye nyembe tano, mashavu na shingo vinavimba vipele, inabidi apumzike, ndevu zinaota, barakoa haigandi. Akinyoa taabu, asiponyoa taabu.

Nataka kumnunulia mashine ya heshima, ile ya chuma inayofungwa wembe mmoja wenye makali pande mbili, kama yako ya dukani. Nimeona mbili. Moja ni mpya, kwenye duka la vifaa vya wanaume. Imechongwa kwa chuma kitupu kisichoshika kutu, ya kijivu, haina pambo, nzito kama nyundo ndogo. Nyingine ni ya zamani, kwa muuza vitu vya kale. Imepakwa dhahabu, na ukizungusha kitako cha mpini, kichwa kinafunguka milango miwili kama mbawa za kipepeo. Zote mbili ni ghali, kwa hiyo sitaki kukosea. Ila Mama, ile ya dhahabu inapendeza. Muuzaji anasema imenyoa mabwana wakubwa.

Wewe ndiye kinyozi. Niambie ipi.

Mwanao,
Kasuku

8 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba. Goti limeamua kuzeeka kabla yangu, nimeliacha litangulie. Kiti kimepona. Barua yako niliisoma katikati ya wateja wawili, yule wa pili akaniuliza kama kuna msiba, maana nilikuwa nafuta machozi kwa kucheka. Hilo la shati liweke vizuri. Siku mtakapogombana utalihitaji.

Kuhusu vipele umefikiri sawa. Nywele za ndevu zake zimejikunja. Nyembe tano zikifuatana, wa kwanza unauvuta unywele, wa nyuma unaukata chini ya ngozi, na ukiota unarudi ndani badala ya kutoka nje. Wembe mmoja unaukata usawa wa ngozi, basi.

Sasa ipi? Siwezi kusema ya zamani au mpya kwa kusikia tu. Nimeshika za zamani zinazopita usoni kama mkono wa mama mzazi, na mpya zinazochuna kama zimetumwa. Ila ujue kila ya kale iliwahi kumponyoka mtu bafuni. Usiinunue kwa macho ya bibi harusi. Ifunge wembe, iinue usawa wa jicho, uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Makali yachungulie kidogo tu, tena sawasawa pande zote mbili. Yanayochungulia sana ni ya mwenye ngozi ya ngoma. Mkwe wangu anataka ya upole.

Ningemtazama mwenyewe, lakini mkwe aketi kwenye kiti changu nimshike kidevu? Tutaona haya mpaka wateja waondoke. Siku ya harusi alinipa mkono huku anasalimiana na viatu vyangu. Kwa hiyo wewe ndiye vidole vyangu. Asubuhi kabla hajanyoa, pitisha vidole usoni kila upande. Panapoteleza ndiko nywele zinakolala, panapokwaruza ni kinyume. Afuate zinakolala, asikandamize, apite mara moja. Uniandikie ulichokiona.

Ni mimi,
Mama yako

12 Juni

Mama wa pekee duniani,

Shikamoo. Nafurahi goti linatangulia polepole. Mimi sina hata mafua, na mwenzangu ananawiri.

Barua yako imenikuta nimeshainunua. Nilipita pale kuitazama tu, nikatoka nayo. Ile ya dhahabu. Sikulala kwa hamu ya kumpa, na alipoifungua aliigeuzageuza mkononi, kisha akasema hajawahi kumiliki kitu kizuri namna hii. Halafu akanitazama na kujisahihisha kwamba hajawahi isipokuwa mimi. Mama, nilikaa chini.

Mpini umechongwa ua dogo upande mmoja. Nimemwomba kila asubuhi aanze shavu la kulia kwa upande wenye ua, ndipo ageuze kwa la kushoto, ili anikumbuke mimi kabla hajaukumbuka moto. Anafanya hivyo bila kukosa. Namsikia bafuni anaimba vibaya sana.

Kuhusu kuitazama dirishani, nisamehe, sikuona haja. Kitu kilichotengenezwa kwa uzuri ule kasoro itakaa wapi? Lakini la vidole nimelitimiza. Mashavuni nywele zinalala kwenda chini. Chini ya taya zinageukia masikioni. Shingoni, chini ya koo, zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Kazi ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nimetumwa na mama. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Majaribio ya barakoa ni mwisho wa mwezi. Nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla hata ya kupika.

Mwanao mwenye bahati,
Kasuku

7 Julai

Kasuku wangu,

Hujambo? Mwenzako hajambo? Mimi nipo. Mwezi umekwisha, na wewe uliyeahidi kuandika kabla ya kupika, sijui mnakula nini siku hizi.

Kasuku akinyamaza, mtu haulizi kama ameshiba, anakwenda kutazama tundu. Mimi siwezi kuja kutazama, kwa hiyo nauliza. Kama ni habari mbaya, iandike mbaya hivyo hivyo. Sikukulea kwa habari nzuri peke yake.

Mama yako

11 Julai

Mama,

Shikamoo. Afya tunazo, tumshukuru Mungu. Kilichokosekana ni furaha, nikaona haya kukuandikia bila hiyo.

Wiki ya kwanza uso ulikuwa kama kioo. Ya pili, shavu la kulia likaanza kuwasha, kisha vipele, kisha vikawa vidonda vidogo. Akalazimika kupumzisha wembe, na siku ya majaribio ikamkuta na ndevu. Mkuu wa kikosi alimvalisha barakoa, akaziba mrija wa hewa kwa kiganja, akamwambia avute pumzi. Ikigandamana na uso, umefaulu. Yake ilipitisha hewa pembeni, wakaisikia wote, sauti kama ya tairi linalotoka upepo. Mkuu si mtu mbaya. Amempa nafasi moja tu, mwisho wa mwezi huu. Ikishindikana, nafasi inakwenda kwa mwingine, na yeye atabaki nje na mipira ya maji.

Siku hizi amepangiwa kupaka rangi ukuta wa kituo. Harudi na kinyongo. Nilimwambia kosa ni langu, niliyechagua mashine kwa kupendezwa. Mama, unajua alinijibu nini?

"Mashine haina kosa. Uso wangu ndio mkorofi."

Na kesho yake akaifuta ile mashine kwa kitambaa laini, akairudisha kwenye kisanduku chake kwa adabu, ili tu nisijisikie vibaya. Nilijifungia jikoni nikalia. Nifanye nini? Nimrudishie ya plastiki? Nimepitisha vidole tena kama ulivyonifundisha. Kushoto ni laini, hakuna hata kipele kimoja. Kulia hakugusiki.

Mwanao

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti nalo limesahauliwa kwa muda.

Kushoto laini, kulia hakugusiki. Sentensi hiyo ungeiandika mwanzo wa barua ungeniokolea kuhema. Uso mkorofi hauchagui upande. Mtu mwenye ngozi mbaya anaota vipele pote, na mtu mwenye mkono mzito anaumia pote. Anayeumia shavu moja anaumizwa na kitu kimoja. Wewe mwenyewe uliniambia anaanza kulia kwa upande wa ua, kila siku, bila kukosa. Mwingine yeyote angekuwa anaishika ovyoovyo, leo upande huu kesho ule, na mashavu yangegawana madhara. Wako ni mwaminifu mno, ndiyo maana shavu moja limelipa peke yake.

Itoe kwenye kisanduku. Funga wembe mpya, iinue usawa wa jicho dirishani, utazame ncha kwa ncha. Nadhani mlango wa upande wa ua umepinda, na makali yametoka kama ulimi. Kama ndivyo, usijaribu kuunyoosha kwa koleo. Kitu cha kale kikinyooshwa na mwenye mapenzi huvunjika.

Kisha nenda kachukue ile ya kijivu. Nayo itazame kwanza, usiiamini kwa upya wake. Aache kunyoa mpaka vidonda vifunge. Asubuhi ya kwanza maji ya moto, sabuni ya kutosha, afuate nywele kwa ile ramani ya vidole vyako, uzito wa chuma ufanye kazi, yeye aisindikize tu. Apite mara moja. Wewe unataka shavu linaloteleza, najua, na mengine hayo yaache ndani kwenu, lakini barakoa haihitaji shavu la kubusu. Inahitaji shavu lililopona.

Na la mwisho. Nimenyoa wanaume tangu baba yako aliponiachia duka, na wengi wakikatwa na wembe wanamlaumu kinyozi, sabuni, hata mvua. Huyu zawadi ya mkewe imemchuna shavu, akaulaumu uso wake. Nilikuwa bado namtazama kama mgeni. Sasa simtazami hivyo tena.

Mama yako

3 Agosti

Mama yangu, mwalimu wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Usiulize afya, afya imejaa nyumba nzima.

Umejua kila kitu ukiwa umekaa huko. Niliisimamisha dirishani, na upande wa ua makali yalikuwa nje wazi, upande wa pili yamejificha kistaarabu. Nilimwita akaja kuona. Alitazama, akatazama tena, akasema kumbe siku zote alikuwa ananyolewa na mashine mbili. Muuzaji tulipomwonyesha alikuna kichwa, akaichukua na kunirudishia pesa bila kubishana, akasema yeye alikuwa akiitazama dhahabu tu. Nikamwambia hata mimi.

Ile ya kijivu niliitazama dirishani pale pale dukani. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi, nikamwambia ni binti wa kinyozi, nikasikia kifua kimepanuka. Ni ya upole, Mama. Haing'ai, haina ua, na ukiishika unajua imeshikika. Asubuhi ile ya kwanza nilisimama mlangoni mwa bafu. Alipita mara moja, taratibu, taya akigeukia sikioni, shingoni akizungusha, bila kuimba kwa sababu ya umakini. Alipomaliza akajipangusa na kusema:

"Mama mkwe amenyoa mtu kwa posta."

Siku ya majaribio mkuu aliziba mrija, akamwambia avute. Barakoa ikamgandia usoni ikakaa. Mkuu akahesabu kimoyomoyo, akahesabu zaidi ya kawaida, wenzake wakaanza kushangilia, naye bado hajaachia kiganja. Ameingia timu.

Sasa nikueleze la Jumatano, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Karakana ya seremala, nyuma ya duka la vitambaa ninapouza, ilishika moto. Tulitoka wote barabarani. Gari la zimamoto likafika, nikamwona akishuka, mtungi mgongoni, akavaa barakoa, akaingia na mwenzake. Moshi ulikuwa mzito kama blanketi. Sikuhesabu muda, sikuomba hata dua yenye maneno. Nilishika tu mkono wa mwanamke nisiyemjua.

Akatoka amembeba seremala begani. Mzee yule alikuwa anakohoa, Mama, anakohoa kwa nguvu, na sijawahi kusikia kikohozi kizuri hivyo. Walipomlaza kwenye machela, mume wangu akaketi ukingoni mwa barabara, akavua barakoa. Paji la uso jeusi, masikio meusi, shingo nyeusi tii. Lakini ndani ya ule mstari wa mpira, kulia na kushoto, uso ulikuwa safi kama ulivyotoka nyumbani asubuhi. Hata chembe ya moshi haikupita.

Yule mwanamke niliyemshika mkono akauliza, huyo kijana mrefu ni nani. Nikamwambia, "Huyo ni wangu, na uso huo umetunzwa na mama yangu."

Amepewa mapumziko wiki ya mwisho. Nilitaka kumshawishi tuje kwako, kumbe alishakata tiketi kabla yangu, mbili, na amenikataza kukubebea zawadi kwa sababu anataka kuichagua mwenyewe. Tandika chumba cha nyuma. Mwezi huu hautaisha kabla hujatusikia tukibisha hodi.

Mwanao, mke wa mzimamoto,
Kasuku