Kaseti ya Mado Niliyoizika

Jumamosi, 5 Aprili 2003

Leo filamu ya Wachina. Kichina sijui hata neno moja, na sale ya video, chumba chetu cha kuonyesha filamu, ilijaa. Ndiyo kazi yangu: kusimama kando ya televisheni na kuambia watu wanaongea nini. Yule mwenye kipara nilimufanya shemeji ya kijana mupiganaji. Ugomvi wao: mahari haijaisha. Watu walicheka mpaka benchi moja ikavunjika. Mado alikaa nyuma, hakucheka. Akaniuliza ni Kichina cha wapi kinachotaja mbuzi mara kumi na mbili. Nikajibu cha hapa hapa Bunia.

Mado ni binti ya marehemu kaka yangu. Mimi ni papa yake mudogo. Kazi yake kucheza filamu, na hana bwana juu ya kichwa. Alianza kwenye parokia, na miaka kumi na ine, akacheza bibi ya Herode mpaka padri akaomba apunguze. Sasa iko na filamu tatu. Roli, mutu wa kuigiza, anachagua mwenyewe, kamera anaazima mwenyewe, kaseti anabeba mwenyewe mpaka soko ya Mahagi. Uso wake unajulikana mpaka kando ya ziwa. Wangu unajulikana mpaka kwa mama wa pombe.

Alhamisi, 17 Aprili

Filamu ya ine imeisha. Anacheza mama mulinzi wa mashini ya kusaga. Wanawake wa kwartie mbili, mitaa ambayo haisalimiane tena sababu ya vita, wanapanga mustari mumoja sababu mashini ni moja. Wale wa mustari si wacheza filamu. Ni wanawake na mabeseni yao ya kweli. Mado hakuwaandikia maneno, aliwaambia waseme kama kila siku. Niliomba roli ya mupenzi. Nikapewa ya muzee anayelala juu ya magunia. Nililala vizuri sana.

Kaseti iko moja tu. Nakala za kuuza zilipashwa kufanyika Kampala, na barabara imefungwa. Tena wenye bunduki walipita kwake. Wanataka aongeze kipande: mukubwa wao anagawia wamama unga. Aliwajibu roli zote zimejaa. Mutoto huyu hana woga, ni mupumbavu kama baba yake. Namupenda.

Jioni akaniletea kaseti. "Papa mudogo, hakuna mutu atazani uko na kitu cha maana. Unichungie hii."

Tusi na heshima katika bahasha moja. Nikapokea.

Jumanne, 6 Mei

Mizinga tangu alfajiri. Watu wanazika vitu. Masufuria, cherehani, vyeti vya ndoa. Na mimi nimezika. Kaseti ndani ya mufuko wa plastiki, mufuko ndani ya bido, dumu ya mafuta niliyoikata juu, bido ndani ya shimo nyuma ya choo. Nani atachimba nyuma ya choo? Akili kama yangu ilipashwa kuwa serikalini.

Jumatatu, 12 Mei

Siye wote kando ya uwanja wa ndege, chini ya mahema. Mado iko hapa, muzima. Leo kwenye foleni ya maji aliniiga mimi nikikimbia na godoro kichwani. Foleni nzima ilicheka, na mule kuna watu waliozika watoto juzi. Ndiyo mucheza filamu huyo. Kamera haiko, na bado anafanya kazi.

Ameuliza kaseti mara tatu. Nimejibu imelala vizuri kuliko siye.

Mvua haikatiki.

Ijumaa, 20 Juni

Askari wageni wameingia, risasi zimepungua. Tumerudi. Nyumba haina mulango wala dirisha. Kiti kimoja kimebaki sababu kilikuwa kibovu. Choo kimesimama. Nilichimba.

Bido imejaa maji, mufuko pia. Mimi ndiye niliyeikata juu. Mimi ndiye niliyeisimamisha wazi, kama inayongoja kutekewa. Wezi hawakuiona, mvua ikaiona.

Jumatano, 25 Juni

Nilikausha kaseti kivulini siku ine. Fundi wa televisheni akaifungua, akapangusa utepe na pamba na alkoli, pole pole, asubuhi nzima. Tukaiweka. Picha ikatoka. Mado, wanawake, mashini, mimi juu ya magunia. Mistari kidogo kama manyunyu.

Lakini kimya. Midomo inacheza, neno halitoki. Fundi akaeleza: sauti inakaa kwenye ukingo wa utepe, na ukingo ndio maji yamekula. Haitarudi.

Mado aliangalia mpaka mwisho. Akatoka bila kunitazama. Samahani yangu niliiambia mugongo wake.

Nina haya. Hapa sitanii.

Jumatatu, 7 Julai

Siku kumi na mbili hanisemeshi. Leo nilienda kwake na kuku. Nikamwambia filamu nitaisemea mimi, ndio ufundi wangu, nina miaka kumi na tano kazini.

"Hapana. Weye utawafanya wote mashemeji."

Akanyonyoa kuku muda mrefu. Kisha akasema, "Nitaisemea mwenyewe. Watu wa Bunia wataiona kwanza, wengine wote nyuma. Unifundishe."

Firigisi alinipa mimi. Kwa hiyo nimesamehewa nusu.

Ijumaa, 11 Julai

Namufundisha. Simama mukono wa kushoto, mwanga usikuguse. Anza neno wakati mudomo unataka kufunguka, ukingoja utachelewa filamu nzima. Mutu akilia, nyamaza. Anashika haraka kuliko mimi zamani. Inaniudhi, na ninajisifu kwa majirani.

Shida ni wale wa mustari. Maneno yao hayakuandikwa popote. Ya kwake Mado anayakumbuka yote, ya kwao nusu. Nilimwambia atunge, mimi natunga tangu miaka mingi. Akakataa. Akasema vile si vinywa vyake. Ameanza kuwatafuta, kambi kwa kambi. Walikuwa kumi na mumoja.

Jumamosi, 19 Julai

Tulionyesha saa nane muchana, sababu jioni watu hawatembei. Grupe, jenereta yetu ya umeme, ilikataa mara saba, ya nane ikawaka. Sale ilijaa. Kwartie moja ukuta huu, ingine ukuta ule, katikati benchi mbili tupu. Nilichukua moja.

Mado alisimama mukono wa kushoto, akasema. Hakuchelewa hata mara moja. Nilisahau ni binti yetu.

Halafu kipande cha mustari. Akanyamaza. Nikazani amesahau. Mudomo ukaniwasha, nilikuwa na uongo muzuri tayari.

Kutoka ukuta wa kuume mwanamuke mumoja akasema, "Pitisha uyu mbele, iko na mutoto mugongoni." Ndiye huyo huyo kwenye picha. Kutoka ukuta wa kushoto ikajibu sauti ingine: "Na mimi wangu iko tumboni, kwani nimeomba njia?" Sale ikacheka. Akafuata wa tatu, wa ine, kila mumoja kwenye kinywa chake, pande zote mbili, wanagombania nafasi kama siku ile. Mado alikuwa amewapata. Wengine walichelewa, wakakemewa na majirani.

Ikafika sura ya Mama Dorika, mumoja wa wale kumi na mumoja, vita ya Mei ilimuchukua. Murefu, beseni ya mutama kichwani. Kinywa kikafunguka. Hakuna aliyesema. Kikacheza, kikacheza.

Mwisho mwanamuke wa kwartie ingine, aliyesimama nyuma yake kwenye picha, akasema chini, "Uyu alikuwa ananiuliza kama homa yangu imepona."

Filamu ikaendelea.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi binti ya Mama Dorika amekuja kutoka kambini, kwa miguu. Hakuwako juzi. Ameomba kumuona mama yake.

Nikawasha grupe. Mado akatafuta kipande kile cha mustari, akauliza kama amusemee mama. Binti akakataa na kichwa. Akasogea karibu na televisheni. Mama yake alipofungua kinywa, yeye ndiye alisema, na luga ya kwao. Kisha akaomba tena. Mado akarudisha utepe. Akasema tena.

Mafuta ya grupe yalikuwa yanakaribia kuisha. Nilitoka pole pole kuongeza.