Aliyelia Redioni Ni Mwanangu

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha pamba,
Trumann, Arkansas.
9 Machi 1958

Mpendwa Dada Imogene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Clyde, na kwamba kile kikohozi alichokitoa kiwandani kimepungua. Huko Detroit bado theluji, au mmeshaanza kuiona ardhi? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa. Twyla ameota jino la pili, na mimi sijalala vizuri tangu la kwanza. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue nimempakata.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, maharagwe yakaungua. Umesema kitanda kiko tayari, nimlete Twyla akae kwenu miaka miwili, watu waambiwe ni wako, mpaka jina langu lisimame. Dada, najua kitanda kile mlimnunulia mwanenu, yule aliyezaliwa kimya, hana pumzi. Nililia. Kisha nikafuta macho, na jibu langu ni hapana.

Najua Bwana Haskell wa kampuni ya santuri kule Memphis alikupigia simu na maneno yake ya asali. Sasa sikia yangu.

Wewe ndiye uliyenishikisha gitaa la Baba nikiwa na miaka tisa, vidole vimechanika kwa kuchuma pamba. Kanisani wakasema napiga kwa fujo. Kwenye dansi wakasema msichana hapigi gitaa la umeme, analishika tu apigwe picha. Wote niliwapigia mpaka wakacheza. Santuri yangu ya kwanza ya roki ilipotoka nilikuwa na miaka kumi na saba, na ilisikika kwenye kila mkahawa kutoka hapa mpaka Memphis. Bwana Haskell akanibatiza Lou Starr. Hakuniuliza.

Nilipoolewa na Delbert, Bwana Haskell akataka nivue pete nikipanda jukwaani. Nikavua. Tumbo lilipokua, akatangaza nimevunjika mguu. Nikanyamaza. Twyla alipozaliwa akasema, “Sema ni wa dada yako.” Hapo nikagoma.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikwenda kuimba redioni Jonesboro, moja kwa moja hewani. Mama alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo Delbert alimbeba mtoto akasubiri ukumbini. Nikiwa katikati ya wimbo, Twyla akaangua kilio, nacho kikaingia chote kwenye kipaza sauti. Mtangazaji, mtu mwema anayeogopa kila kitu, akacheka akasema, “Samahani wasikilizaji, paka wetu ameona panya!”

Mkono wangu ukasimama kwenye nyuzi. Nikasogea karibu nikasema, “Huyo si paka. Huyo ni Twyla, na mimi ndiye mama yake. Ana njaa, kwa hiyo nitamalizia upesi.” Nikamalizia upesi kweli. Sijawahi kuupiga vile wimbo ule.

Nilipotoka nilimkuta Delbert anavuja jasho. “Nimemwimbia, nimemrusha, nimempa hata kofia yangu atafune,” akasema. “Anataka maziwa, Verna, na mimi sina!”

Jumatatu Bwana Haskell akapiga simu kwa jirani, nikaitwa. “Binti, umejichimbia kaburi. Vijana hawanunui santuri za mama wa nepi.”

“Basi mama zao ndio watakaonunua,” nikamwambia.

Lakini mlango hakuufunga, ndiyo maana alikutafuta wewe. Santuri ya pili imeshakamilika, Dada, na ni bora kuliko vyote nilivyowahi kuimba. Itatoka Mei iwapo nitarudi redioni niseme ulikuwa mzaha, na mtoto awe Detroit. Nikikataa, itaozea kabatini. Inaniuma. Sikufichi. Jana nilikuwa naosha nepi nikajikuta nauimba wimbo wa santuri hiyo, nikakaa chini palepale kando ya beseni.

Ila nikikubali, siku moja Twyla ataisikia sauti yangu redioni na kuniita mama mdogo. Hakuna santuri ya kufidia hilo. Nimeshampigia Bwana Haskell nikamwambia abaki na Lou Starr wake, amtafutie mwili mwingine.

Na usidhani nimeweka gitaa chini. Mama anasema mwanamke akishazaa, gitaa ni pambo la ukutani. Nimemwambia ukuta wetu umejaa. Jumamosi ijayo napiga Newport, kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mwenye ukumbi aliponisikia nikitaja jina langu halisi liandikwe kwenye tangazo, akashika kiuno: “Scoggins? Nani atatoka kwake kumwona Scoggins?” Nikamjibu, “Wewe simama mlangoni tu, utawaona.” Limeandikwa kubwa, Dada, na pete sivui.

Kitanda tafadhali usikiuze, wala usikitoe chumbani. Julai tutakuja sote watatu kwa basi, na Twyla atalala humo. Atakuamsha kabla ya jogoo, atakuvuta nywele, na akianza kusema nitamfundisha kukuita mama mkubwa. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya, na halihitaji kufichwa kwa mtu yeyote. Ukinikasirikia, kasirika, lakini uje kituoni kutupokea.

Msalimie sana Shemeji Clyde, na Shangazi Opal ukimwona kanisani. Delbert anakusalimu, anauliza kama huko kuna samaki. Mama anasema uvae sweta. Mungu aliyekupitisha katika majira yale ya baridi aendelee kuiwasha nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Verna Lou Scoggins,
Mama Twyla.