Laini Kumi na Moja za Kidole Changu

Jumatatu, 3 Machi
Nimesajili laini saba za simu kabla ya saa sita. Mzee mmoja wa Chamwino vidole vimeliwa na jembe, mashine ya alama za vidole haimsomi. Nimempaka mafuta ya mgando, nimemfuta, mara ya nne ikakubali. Jua la Nzuguni linapenya mwavuli. Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu Mama Neema amekuja amefura. Amemkuta Neema na video chafu kwenye simu. Tovuti yenyewe inapima umri, lakini haimuulizi mtu. Inaangalia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Nikamwambia asinilaumu mimi. Akasema, "Dada Eliza, kwani laini ile si ya kwako?"

Ni ya kwangu. Namba ya kitambulisho ya Mama Neema ilikuwa haijatoka, nikamsajilia kwa kidole changu. Kumbe alimpa mtoto. Neema ana miaka kumi na mitatu. Huko mtandaoni ana arobaini na mmoja, kama mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekagua laini nilizowasajilia watu kwa kidole changu. Ziko kumi na moja. Wote niliwahurumia tu. Sijui leo ziko mikononi mwa nani. Nimeona aibu, halafu hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia msimamizi wangu. "Sista, tulia. Ukizifuta umejiripoti mwenyewe, na mashine naichukua." Eti watoto watatafuta njia nyingine. Watafute. Si kwa kidole changu. Ana binti wa darasa la sita. Nimemuuliza laini ya binti iko kwa jina la nani. Akakata simu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezifuta zote. Wenye nazo niliwapigia kwanza: njooni msajili upya, kila mtu na kidole chake. Watatu wamenitukana. Saa tisa msimamizi kaja kuchukua mashine. Sikumbembeleza. Akataka na mwavuli. Umetoboka, nikampa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimekaa nyuma. Kesho sina kazi ya kwenda, na sijutii. Wakati wa kutoka Mama Neema akasimama kunisalimu, akamsukuma binti yake aniamkie. Hakutaka. Mikono kaikunja, mdomo kauvuta, macho chini. Amenuna kama mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Nikamwambia mama yake amwache.