Kuni za Kumzuia Bibi

Jumamosi, 6 Juni 2020

Hakuna mwanaume mtaani kwetu Minto anayepasua kuni kama mimi. Campbelltown pia hayupo. Leo nimepiga shoka mpaka miti iliyosimama imeanza kulala yenyewe kwa woga. Mzee Col, jirani mzungu mwenye farasi, ametupa ruhusa ya kuokota miti iliyoangushwa na dhoruba shambani kwake. Tumejaza trela. Papa amelalamika njia nzima kwamba kwetu Fizi kuni ni kazi ya wanawake. Mama akamwambia, "Basi tulia ndani ya gari, mama mdogo." Nimecheka mpaka shoka limeniponyoka. Dada yangu Neema ameruka kama chura.

Yote haya ni kwa ajili ya Bibi. Ameapa: mpaka wa Queensland uliofungwa kwa korona ukifunguliwa mwezi wa saba, anahamia Brisbane kwa shangazi, kwenye joto. Hita yetu ya umeme inapasha magoti tu. Sebuleni kuna jiko la chuma, hatujawahi kuliwasha. Tutaliwasha. Bibi yangu haendi popote.

Jumapili, 7 Juni

Moshi. Kuni nilizochagua mimi, fundi, ni mbichi. Kengele ya moshi imelia mpaka Papa ameipiga na ufagio. Bibi amekohoa mchana kutwa. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "kama unataka kuniua, tumia shoka. Ni haraka." Nimemjibu namkausha kama samaki ili adumu. Hakucheka.

Jumatatu, 8 Juni

Mama anafanya kazi kwenye makao ya wazee. Mtu akikohoa nyumbani, yeye haruhusiwi kuingia kazini. Tumekaa kwenye foleni ya korona ndani ya gari, wote watano, kijiti puani mpaka kwenye ubongo. Papa amelia. Mimi sikulia. Macho yalitoa maji tu.

Jumatano, 10 Juni

Hatuna korona. Ila Mama amekosa zamu mbili kwa sababu yangu, na Bibi ameongea na shangazi saa nzima kuhusu chumba. Kina dirisha la jua. Nimesikia yote. Nina hasira. Najichukia kidogo.

Kidogo.

Jumamosi, 13 Juni

Familia nzima tena. Mzee Col amesimama mbali na fimbo yake ya mita moja na nusu, akacheka aliposikia habari za moshi. Amesema zile zinataka mwaka mzima kukauka. Kavu ziko chini bondeni, trela haifiki.

Bibi akashuka kwenye gari na blanketi lake. Akaokota vipande viwili, akavigonganisha. Ngo! "Kavu inaitika. Mbichi inanyamaza." Akagonganisha vya kwangu. Pu. "Kama mume wangu akiitwa kuosha vyombo."

Halafu akatoa kwenye begi mkanda wake wa kubebea kuni. Wa katani, mama yake aliusuka. Umetoka naye Fizi, ukakaa naye kambi ya wakimbizi, ukapanda naye ndege. Akauweka kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, akapanda kilima. Miaka sabini na moja! Mama akapiga vigelegele, farasi wakakimbia. Papa akabeba mzigo wake kichwani. Kazi ya wanawake, eti.

Bibi safari tano, mimi nne. Viatu vyangu vilikuwa vibaya.

Jumapili, 14 Juni

MOTO. Hakuna moshi. Bibi amevua koti, baadaye sweta. Mama amepika maharagwe juu ya jiko. Neema, ambaye husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, leo amesema mwenyewe, "Bibi, usiende." Bibi ameuliza tu kuni zitatosha mpaka lini. Nikasema mpaka Agosti. Uongo. Wiki tatu.

Jumamosi, 4 Julai

Bondeni tena. Bibi amebaki nyumbani, yuko kwenye simu na shangazi. Safari saba! Rekodi imekufa, izikwe. Nimebeba kwa paji la uso kama yeye, shingo inawaka, na baadaye nimepasua magogo yote peke yangu. Kuni zimefika dirishani. Papa amesema hajawahi kuona kijana kama mimi. Amesema kwa mdomo wake.

Kuhusu mkanda sitaandika leo.

Jumamosi, 11 Julai

Mpaka umefunguliwa jana. Shangazi amepiga simu mara tatu. Bibi alikuwa mbele ya jiko, miguu peku, anakula karanga. Akamwambia, "Mwanangu, njoo wewe. Huku kuna mwanaume."

Huku kuna mwanaume! Nimekimbia nje, nimezunguka nyumba mara mbili. Minto ijue. Brisbane ijue. Nimeshinda serikali mbili na shangazi.

Jumapili, 12 Julai

Mvua. Bibi amefungua begi lake, akapekua, akalifunga. Nimemwambia labda mkanda ulibaki bondeni. Akasema si kitu, mvua ikiisha tutautafuta pamoja.

Haupo bondeni. Niliuchukua bila kumwomba. Jumamosi ile ya safari saba niliuacha juu ya gogo, nikainua shoka huku naangalia kama Papa ananiangalia. Pigo moja, vipande viwili. Kesho yake asubuhi, wote wakivaa kwa ajili ya ibada ya kwenye simu, niliutia ndani ya jiko la chuma. Ulishika moto kuliko kuni zote. Ulikuwa mkavu sana.