Mama na Shofaji Mpya

Auderghem, Jumanne, Januari 1996

Wiki nzima nimemlaumu fundi: shofaji zake mpya za kupasha nyumba joto kwa umeme, eti zinaweka joto usiku na kulitoa mchana, na bado watoto wanakunywa chai wamevaa makoti. Leo amekuja, akakagua, akasema kuna mtu anazizima kila usiku.

Nikamgeukia Mama. Hakukana.

"Moto haiwezi lala na batoto chumba moja."

"Mama, huu ni umeme. Hauna makaa, hauna moshi."

"Bon. Hata mbabula ya kupikia yenye tulilala nayo Bukavu haikukuwa na moshi, makaa ilikuwa imeiva muzuri. Asubui kaka yako hakuamuka."

Kaka yangu yupi? Miaka yote hii nimejua mimi ndiye kifungua mimba.