Mama wa Ngazini

12 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua ukikanyaga cherehani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, hata kucheka nacheka kwa tahadhari.

Leo kazini limenikuta jambo. Unajua hapa hospitali kazi yangu ni kusimama kati ya daktari na wagonjwa wanaozungumza lugha yetu. Asubuhi aliletwa mtoto mwenye pumu, kaja na mwanamke. Daktari akataka kujua ni nani wake. Yule mwanamke akajibu bila kusita, "Mama yake wa kambo." Nikatafsiri: "stepmother." Daktari akageuza kiti, akauliza kama baba wa mtoto anaweza kuja.

Yule mama hajui Kiingereza, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Akanivuta pembeni. "Umemwambia nini? Mbona kanipa mgongo?"

"Nimesema ulichosema."

"Ungesema mama tu. Huyu usiku kucha kalala kifuani kwangu."

Tangu hapo neno hilo linanikera kama mchanga kwenye kiatu. Nimewauliza wenzangu lilitoka wapi, hakuna ajuaye. Wanasema "step" ni ngazi, kwa hiyo labda ni mama wa ngazi ya pili.

Nisalimie wote wa uani.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo palepale, tumeshazoeana.

Eti mama wa ngazini! Nimecheka hadi sindano ikanichoma. Kumbe miaka yote hii nimekaa ngazini, wewe unanipita ukipanda! Nilimsomea fundi seremala wa mlango wa pili, akauliza kama ngazi yenyewe ni ya mbao, aje airekebishe.

Huyo fundi ndiye aliyeichelewesha barua hii. Unamkumbuka, ndiye aliyetengeneza jeneza la baba yako. Mwaka juzi naye alifiwa na mkewe, akaachiwa binti mdogo, bado hajaanza shule. Ameniomba tuoane. Sijamjibu. Sitaki ulisikie kwa shangazi yako, maana habari ikipita kwake inafika imeota mikono na miguu. Niambie unavyoona, usinifiche.

Mamako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua imefika.

Umesema nisikufiche, basi sikufichi: sijapenda. Baba ana miaka mitatu tu chini ya udongo, na anayekuposa ni yuleyule aliyempimia jeneza. Si kosa lake, najua. Lakini wewe uliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya Baba. Baba hayupo. Ukishakuwa mke wa mtu mwingine na mama wa mtoto mwingine, mimi nitakuwa nani wako? Mtoto wa marehemu mumeo wa kwanza? Hilo hata jina halina.

Fanya unavyoona.

Mtoto wako wa kambo

20 Mei

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, lakini usidhani niliumwa. Nilisoma lile neno ulilotia mwishoni, nikaikunja barua, nikarudi kwenye sketi za sare. Kila nikitaka kushika kalamu, nashika mkasi.

Fundi nimemwambia hapana. Hakubishana nami. Asubuhi bado ananisalimu, kisha anawasha randa yake ya umeme na kazi zinaendelea. Asiyeelewa ni binti yake. Anakuja kuketi chini ya meza yangu kuokota vifungo kama zamani. Mtu mzima nimeweza kumkatalia. Huyu nimkatalie kwa maneno gani?

Sikulaumu. Kifua chako kikinge na hiyo baridi.

Hapa chini nimeshindwa niandike mimi ni nani.

8 Juni

Mama,

Shikamoo, na nakuomba uitikie.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda maktaba kuu, nikaomba kamusi inayoeleza maneno yalikotoka. Wenzangu walinidanganya. Ile "step" si ngazi wala hatua. Ni mabaki ya neno kongwe la Kiingereza, la zaidi ya miaka elfu iliyopita, na maana yake ilikuwa kufiwa. "Stepchild" alikuwa yatima, basi, hata kama hakupata mama mwingine. Na "stepmother" ni mwanamke aliyekuwa mama kwa mtoto aliyefiwa. Baadaye lile neno kongwe likafa, likabaki limeganda humo tu, watu wakasahau. Hadithi za watoto zikampa mama huyo roho mbaya, hadi jina lake likawa kama tusi. Kisha talaka zikaongezeka, likahamia hata kwa watoto ambao mama zao wako hai na afya zao. Leo mtu akilitazama anaona ngazi, maana hana kingine cha kuona.

Nilisoma nimesimama, koti bado mwilini. Mama, humo ndani hakuna mume! Mimi nilidhani uzi wetu ulimshika Baba katikati, naye akiondoka umekatika. Kumbe habari yenyewe ni fupi: palikuwa na mtoto aliyefiwa, akaja mwanamke. Baba alikufungulia mlango tu.

Kamusi haiozeshi mtu, najua. Lakini imenifanya nimfikirie huyo wa chini ya meza. Kama fundi hajachoka kungoja, mwambie mimi sina kinyongo. Na kama moyo wako mwenyewe haumtaki, mkatalie kwa sababu yako, si yangu.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, moja ni ya ile ya Machi.

Tumeoana Jumamosi iliyopita, bila shamrashamra. Nilimtaka, nisikudanganye. Shangazi yako alikuja kanuna, akala sahani mbili, akaondoka anacheka na kila mtu.

Kazi ipo kwa mtoto. Nilipokuwa jirani alikuwa wangu kabisa. Nilipoingia nyumbani kwao akanigeuka. Hataki nimshike nywele, haniiti jina lolote. Jana alitoa gauni la mama yake kabatini, akalitandika sakafuni akalilalia. Baba yake alitaka kulirudisha, nikamzuia, lakini baada ya hapo sikujua nifanye nini. Nilisimama mlangoni tu.

Wewe uliwahi kuwa upande wake. Mimi naujua wangu peke yake. Nisaidie.

Mamako

16 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Hatujaonana tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni. Mama atakusomea barua hii. Akifika mahali ninapomsema, hakikisha haruki.

Mama aliyenizaa alikufa nikiwa na umri kama wako. Huyu alipokuja, kwa muda mrefu nilimwita "wewe". "Wewe, nina njaa." "Wewe, kiatu changu kiko wapi?" Akawa anaitika. Kwa hiyo hulazimiki kumwita mama. Jina likija, litakuja lenyewe. Lisipokuja, chakula atakupa vilevile.

Anachana nywele kwa nguvu. Mwambie "polepole", na useme kwa sauti, masikio yake yamezoea cherehani. Mkasi mkubwa usiuguse, hapo hana mzaha. Akinyamaza, amekasirika. Akiimba bila maneno, anafikiri, mwache.

Gauni la mama yako lilalie tu. Mimi nililala na la mama yangu hadi likaanza kuchanika. Siku moja huyu akaniomba alishone, nikamkatalia kwa kilio. Akaniambia atashona upande wa ndani, ili nje libaki kama mwenyewe alivyoliacha. Na ndivyo alivyofanya. Ninalo huku, kwenye sanduku langu.

Desemba nakuja. Kitanda baba yako atatutengenezea kimoja kikubwa. Chagua mapema, ukutani au dirishani, mimi nitalala utakaponiachia.

Dada yako